Kwenda Moja, Kurudi Moja

Mvumo aliusikia kabla hajaona chochote. Mmmmmm, mzito, mnyoofu, haupandi haushuki, kama mtu aliyefumba mdomo naye ana neno kubwa la kusema. Alikuwa bado nje ya mlango, anatafuta ufunguo, wala hakuujali. Friji la maabara lilikuwa likilia hivyo mwaka wa nne sasa, na sikio likishazoea kelele huiita kimya.

Akafungua, akabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Akabonyeza mara ya pili, na ya tatu, kama watu wote wafanyavyo hata wakijua. Umeme ulikuwa umekatika. Feni ilining'inia tu. Kitaa chekundu cha friji kilikuwa kimezimika. Akaliwekea friji kiganja ubavuni: limepoa, halitetemeki.

Na mvumo bado unaendelea.

Nywele za shingo zikamsimama. Akageuza kichwa polepole kuelekea tangi la kioo lililokuwa kando ya friji. Chini ya kigae kilichovunjika alilala samaki mmoja mwenye kichwa kikubwa kama ngumi, mdomo mpana ulioshuka pembeni, sura ya mtu aliyedhulumiwa urithi. Kwa sura hiyo walimwita Mnuno. Ubavu wake ulikuwa ukitetemeka, na mtetemo wenyewe ulikuwa mwepesi mno hata jicho liliuona kama ukungu.

Kijana aliyesimama mbele ya tangi alikuwa fundi wa maabara, na pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina la nyumbani. Walimwita Sikosei. Jina alijipa mwenyewe bila kukusudia: kila alipoulizwa kama ana hakika, alijibu kifua mbele, "Mimi sikosei," hadi wenzake wakaona heri wamwachie alivae. Alikuwa na mikono mahiri na kichwa kigumu. Alijua wanavyonong'ona kwamba kazi ameipata kwa mgongo wa dada yake, na kwa sababu hiyo hasa alijikataza kukosea, kama mtu anavyojikataza pombe.

Dada yake ndiye aliyekuwa akiusoma msuli wa Mnuno, mwaka wa tano huo. Na siku hiyo, saa nane mchana, angesimama mbele ya watahini watatu kuitetea tasnifu yake. Akifaulu, ni daktari. Akishindwa, basi, mara ya kwanza walikwisha kumrudisha, na mara ya tatu haipo.

Sikosei aliusikiliza tena ule mvumo. Jasho jembamba likaanza kumtoka mgongoni, na bado asubuhi ilikuwa ya baridi.

Dada alikuwa amemweleza siku ya kwanza kabisa, kwa puto na mpira wa kufungia vitabu. Samaki huyu ana kibofu cha hewa tumboni, na msuli umekizunguka kibofu hicho. Msuli ukikaza mara moja, kibofu kinadunda mara moja. Midundo ikifuatana upesi, sikio linashindwa kuitenganisha, linasikia mvumo. Kwa hiyo mvumo wenyewe ni hesabu. Mikazo mingi, sauti nyembamba. Mikazo michache, sauti nzito.

"Na usishangae kukaza," Dada alimwambia. "Kukaza hata mlango unakaza. Shangaa kulegea. Msuli wa mguu wako ukishashika, unachelewa kuachia. Ukiuharakisha unaganda, unapiga kelele kitandani. Huyu anaachia upesi kama anavyoshika. Wewe ukikonyeza jicho, yeye ameshashika na kuachia mara nyingi ajabu."

Mara ngapi hasa? Hilo ndilo lililokuwa swali la tasnifu nzima, na jibu alilitoa Sikosei. Mashine ya zamani ilichora mistari juu ya ukanda wa karatasi. Yeye akainama juu yake na kioo cha kukuzia, akahesabu kanda arobaini na mbili, kila siku ukanda mmoja, kwa wiki sita. Mapigo mia mbili kwa sekunde.

Lakini kabla ya chuo alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye karakana ya kusuka upya nyaya za mota, chini ya fundi mmoja waliyemwita Koili. Koili ndiye aliyemfundisha kwa nini vyombo vya umeme huvuma. Umeme huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde, na husukuma ukienda, husukuma ukirudi. Friji huvuma mia moja. Kwa hiyo kama Mnuno kweli alikuwa na mia mbili, sauti yake ingepanda juu ya ile ya friji kama sauti ya mtoto juu ya ile ya baba. Mtu yeyote angewatofautisha.

Na yeye, mlangoni, hakuwatofautisha. Alidhani ni friji.

"Maji yamepoa," alijisemea kwa sauti. "Umeme umekatika, maji yamepoa, msuli umezembea. Basi." Msuli wa samaki hufuata joto la maji, hilo kila mtu pale alilijua. Akachukua kipimajoto, akakitumbukiza, akahesabu hadi sitini, akakitoa.

Nyuzi ishirini na tano. Zilezile zilizoandikwa juu ya kila ukanda.

"Wewe Sikosei, mbona umesimama kama umedaiwa roho?"

Alikuwa Mama Fagio, mfanyausafi, ndoo mkono mmoja na mwingine kiunoni.

"Shikamoo mama. Hebu nyamaza kidogo. Unasikia nini?"

"Marahaba. Namsikia Mnuno."

"Unajuaje kama si friji?"

"Si limezimika? Huyo kila asubuhi anavuma, mwanangu. Friji likipumzika yeye anaendelea, likiwaka wanaimba pamoja. Hamkujua? Na nyie ndio wasomi!"

"Wanaimba sauti moja?"

"Moja. Nimeimba kwaya miaka ishirini, mimi. Hao hawapishani hata kwa unywele."

Hapo umeme ukarudi. Feni ikakohoa, friji likajitikisa, likaanza. Sikosei alishika ukingo wa meza. Aliomba moyoni sauti ziwe mbili. Hazikuwa mbili. Ziliyeyukiana kama maji na maji, na ndani yake kukatokea wimbi dogo linalovimba na kunywea, waa, waa, waa, kama mara moja kwa sekunde, vile nyuzi mbili za gitaa zifanyavyo zikikaribia kulingana. Alijua maana yake. Mmoja mia moja, mwingine mia na moja. Hakuna mia mbili mle ndani.

Mama Fagio alipotoka, Sikosei alivuta droo, akatoa ukanda wa kwanza, akauweka chini ya kioo. Mstari unapanda: msuli umekaza. Mstari unashuka: msuli umelegea. Na kwa penseli yake mwenyewe, safi, iliyochongwa vizuri, nukta moja juu ya mpando na nukta moja juu ya mshuko. Dada alikuwa ameandika juu ya bahasha: *Hesabu mapigo yote.* Naye, mwanafunzi mwaminifu wa Koili, alihesabu yote. Akakumbuka sauti ya mzee yule katikati ya harufu ya shaba iliyoungua: "Kwenda moja, kurudi moja. Ukihesabu kwenda peke yake, nusu ya kazi umeiacha mezani."

Kanda arobaini na mbili. Alifungua tatu zaidi, kisha akaacha. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, wala hauhitaji kuchunguzwa mara nne.

Saa ya ukutani ilisema saa mbili na nusu.

Alipanda ngazi hadi ofisi ya Dada akiwa amejiandaa kusema. Mlango ulikuwa wazi. Mama yao alikuwa ameketi ndani na gauni jipya, koti la Dada limelazwa magotini pake kama mtoto mchanga. Dada alikuwa ukutani, anajifunza kusema.

"...mapigo mia mbili kwa sekunde, kasi ambayo hatujawahi kuipima katika maabara yetu..."

"Mia mbili!" Mama aliruka alipomwona. "Njoo mwanangu, msikie dada yako. Na waliohesabu ni nyie wawili, watoto wa tumbo moja. Nimeshawaambia majirani wote."

"Kuna nini?" Dada aliuliza. Alimjua mdogo wake kama kiganja chake.

Alilitazama lile koti magotini pa Mama. "Umeme umerudi," alisema Sikosei. "Nilitaka kuwaambia umeme umerudi."

"Tunaona taa," Dada alisema, na macho yakamfuata hadi mlangoni.

Alirudi chini. Akasafisha meza iliyokuwa safi. Akajiambia hakuna atakayejua. Watahini husoma majedwali, hawasomi nukta za penseli. Kisha akamkumbuka mtahini wa nje, mama mmoja mwembamba mwenye miwani minene ambaye wanafunzi wa vyuo vitatu walimwita Lete-Karatasi, kwa kuwa hakuna tasnifu aliyoisoma bila kudai kuona vipimo vyenyewe. Akijiambia hatadai, moyo ulimjibu, atadai. Akijiambia atadai, moyo ulimwuliza, asipodai je? Utampa dada yako udaktari wa uongo auvae maisha yake yote? Hakuwa na pa kushika wala pa kuachia. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika ukingo wa meza muda mrefu hata vidole vikakakamaa, na alipotaka kuvikunjua vilikataa, ikambidi avikunjue kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja.

Kando yake Mnuno alikuwa akishika na kuachia, akishika na kuachia, mara mia kwa sekunde, bila jasho.

"Unanicheka," Sikosei alimwambia. Akapanda ngazi tena.

"Dada, toka kidogo."

"Sasa hivi? Mnuno amekufa?"

"Hajafa. Tatizo lake anaongea."

Walisimama kwenye kona ya ngazi, penye dirisha. Sikosei alitazama kiatu chake.

"Pigo ulilotaka nihesabu lilikuwa lipi? Kukaza na kulegea ni moja, au kukaza ni moja na kulegea ni moja?"

"Kukaza na kulegea ni pigo moja. Ungehesabuje vingine?"

Sikosei aliinua macho. Aliona uso wa Dada ukibadilika.

"Kanda zote?"

"Arobaini na mbili."

Dada aliketi juu ya ngazi, na suruali yake iliyopigwa pasi, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilikuuliza," alisema. "Mezani pale, nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Dada..."

"Nauliza ulisema nini!"

"Nilisema mimi sikosei."

Aliinuka, akapiga ukuta kwa kiganja. Sikosei alisubiri cha pili kimwangukie yeye. Hakikuja. Dada aliegemea dirisha, akafumba macho.

"Na mimi nikakuachia," alisema taratibu. "Nilitaka iwe mia mbili. Mtu akitaka kitu sana haombi aonyeshwe mara ya pili. Umejuaje?"

Akamweleza: friji, umeme, wimbi. Alipofika kwenye kipimajoto Dada alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

Maabarani alilizima friji kwa mkono wake, akasikiliza. Akaliwasha, akasikiliza, macho kwenye saa. "Mawimbi kumi na moja kwa sekunde kumi," alisema. "Mia moja na kidogo. Ewe Mungu wangu, alikuwa anatuambia kila siku." Akakunja mikono ya shati. "Saa ngapi?"

"Saa tano na dakika tano."

"Kaa pale. Mimi hapa. Kila ukanda unahesabiwa na wote wawili, penseli nyekundu, na hakuna kumwambia mwenzio. Tunaandika, tunabadilishana. Namba zikipishana tunarudia. Na ole wako uniambie una hakika."

Walihesabu. Chumba kilijaa mkwaruzo wa penseli na ule mvumo wa wawili. Mama alikuja na mkate na chai, akaona nyuso zao, akaviweka mlangoni, akarudi kwa ncha za vidole. Ukanda wa tisa ulipishana, wakarudia. Wa ishirini na tatu ukapishana, na aliyekosea alikuwa Sikosei, naye akasema, "Mimi hapo," akastaajabu kuona paa halikuanguka. Saa saba na nusu walimaliza. Dada alifungua kompyuta, akafuta sentensi moja. Ndiyo ile aliyokuwa akiipenda kuliko zote, ile ya kasi ambayo hawajawahi kuipima.

Ukumbini Sikosei alikaa kiti cha nyuma kabisa, kando ya Mama. Dada alisema vizuri, sauti ikitetemeka mwanzo tu. Alipomaliza, Lete-Karatasi alifuta miwani.

"Tasnifu niliyoletewa inasema mia mbili. Ukutani naona mia moja na moja. Naomba kujua ni nani amemeza nusu."

Wachache walicheka. Dada hakucheka.

"Ni kosa la kuhesabu, mama. Tumeligundua leo asubuhi, na kanda zote zimehesabiwa upya. Tasnifu ni yangu, kosa ni langu."

"Sikuuliza tasnifu ni ya nani. Nani alihesabu?"

Dada alizipanga karatasi zake upya. Sikosei akajua hatamtaja. Angesimama pale hadi jioni bila kumtaja. Vidole vya Sikosei vilikuwa vimekishika kiti cha mbele, vimekaza. Walikuwepo wote mle ndani, wale wa minong'ono, na Mama yuko ubavuni pake na gauni lake jipya. Msuli wa mguu wako ukishashika, unachelewa kuachia.

Akaachia. Akasimama.

"Ni mimi niliyehesabu. Nimetoka kwenye ufundi umeme, huko kwenda ni moja na kurudi ni moja. Niliulizwa kama nina hakika, nikajibu kwa kiburi. Yeye hakukosea kuhesabu. Alikosea kuniamini."

Mtu alisema kwa sauti ya chini, "Sikosei kakosea," na kicheko kikapita safu mbili. Kilimchoma, akakiacha kipite.

"Lete karatasi," alisema mtahini.

Sikosei alizipeleka kanda. Zile nukta za zamani zilikuwa pale, hakuzifuta, na nyekundu mpya juu yake. Mtahini aliinamia kanda tano, sita, saba. Kisha akainua uso.

"Asubuhi uliamini za penseli nyeusi. Kwa nini niamini za nyekundu?"

"Usiziamini, mama," alisema Sikosei. "Shuka chini ukasikilize."

Watahini watatu walitazamana. Halafu, kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule, watu waliacha viti vyao wakashuka ngazi kama wanafunzi wa shule, wakasongamana mbele ya tangi. Mnuno alikuwa kimya.

Roho ya Sikosei ilihama mwili. Dakika moja. Mbili. Mtu alikohoa. Dada alikuwa amejishika kiwiko, anang'ata mdomo. Kutoka nyuma, juu ya vichwa vya wasomi, ikaja sauti ya Mama Fagio: "Mnamtisha! Rudini nyuma, zimeni na hiyo taa!" Wakarudi, taa ikazimwa. Na baada ya kitambo, kutoka chini ya kigae, mmmmmm.

Lete-Karatasi alivua miwani, akaegesha sikio kwenye kioo. Akaashiria friji lizimwe. Akaashiria liwashwe. Waa, waa, waa. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Aliponyooka alimtazama Dada kwa muda kidogo mrefu kuliko ilivyo desturi yake.

Walisubiri kwenye ushoroba dakika arobaini. Mama alikunja na kukunjua kitambaa. Hatimaye mlango ulifunguka, Dada akaitwa, akaingia, akatoka na karatasi moja. Mama na Sikosei waliikodolea macho.

"Nimefaulu," alisema, kama anayesoma habari za mtu mwingine. "Kwa masharti. Kila ukanda uhesabiwe na mtu wa tatu, asiye mimi wala wewe. Miezi mitatu. Na sura ya nne niiandike upya, isimame juu ya kulegea, siyo juu ya kasi." Akavuta pumzi. "Na wewe una barua ya onyo inakuja."

Mama alikwisha kumkumbatia, analia juu ya koti. Sikosei alibaki kando, mikono haijui pa kwenda.

"Naistahili," alisema.

"Unastahili mbili." Dada alijitoa kwa Mama, akaja, akasimama mbele yake. Macho yalikuwa mekundu. "Ulijua tangu saa ngapi?"

Angeweza kupunguza. "Tangu saa mbili na nusu. Nilipokuja nikasema umeme umerudi, nilikuwa nimeshajua."

"Saa mbili na nusu mpaka saa tano." Alitikisa kichwa. "Tungehesabu mara mbili. Nisingeingia mle nikitetemeka."

Kutoka chini ya ngazi, kupitia mlango ulioachwa wazi, mvumo uliwafikia, na hakuna aliyeweza kusema ni wa friji au wa Mnuno.

"Dada," alisema Sikosei, na mara hii alimtazama machoni, mbele ya Mama, mbele ya Mama Fagio aliyekuwa akipita na ndoo yake, "nitakosea tena, najua. Lakini nakuahidi: siku nitakapokosea, kosa utalisikia kwangu kabla hujalisikia kwa samaki."